Mzigo Mkavu

Tatizo la kwanza lilikuwa miguu ya Dadi. Alitanguliza kichwa kwenye chumba cha upepo, akajivuta, mabega yakapita vizuri tu, halafu magoti yakakwama mlangoni kama kabati linalopandishwa ghorofani.

"Kunja," fundi Hatibu akamwambia.

"Nimekunja."

"Kunja kama mtu mwenye shida."

Chande dereva akacheka mpaka akashika ukuta. "Mtani wangu huyu kalishwa sana mihogo huko kwao Newala. Angezaliwa kwetu Tunduru saa hizi yuko ndani anakoroma."

"Wewe cheka," sauti ya Dadi ikatoka ndani, inagonga gonga kwenye chuma. "Nikifika nakutumia samaki mmoja. Kichwa tu."

Chumba cha upepo ni lile bomba kubwa linalolala ubavuni mwa injini ya meli, ndimo silinda zote zinapovutia hewa. Lina urefu kama wa basi dogo. Mtu analala, ila kugeuka ni kazi. Injini yenyewe ilisimama katikati ya karakana, juu kama nyumba ya ghorofa moja, tayari kwa safari ya Mbamba Bay, ziwani. Oili chafu ilishamwagwa. Ile oili nzito ya kuzuia kutu ilishapuliziwa kila kona mpaka wote wananuka nayo hadi kwenye nywele. Shafti kubwa ilishafungwa kwa vyuma isicheze hata kidogo, maana ikicheza barabarani beringi zinajichora na injini inafika mzee. Kila tundu lilishapigwa bamba na gasketi. Lilibaki tundu moja tu, na ndani yake miguu ya Dadi.

Miguu ikaingia.

Somoe alikuwa amekaa juu ya roli la nailoni ya njano, hacheki. Yeye ndiye mfungaji. Mfungaji anavuta ile nailoni juu ya injini nzima, anaibana kwa moto mpaka ishike kama ngozi, anapiga sili, halafu anasafiri na mzigo mpaka Lango la Tunduru huku anautazama kwenye simu njia nzima. Kikiharibika chochote linaulizwa jina lake.

"Dadi," akaita.

"Naam dada."

"Kibali chako kimebakiza muda gani?"

Ndani goti likagonga chuma. "Miaka minne. Kama mapafu yatakubali. Mwaka juzi waliniambia minne, mwaka jana wakaniambia minne."

Kila mmoja pale anajua. Watu wa pwani hawapiti Lango bila kibali cha mapafu, tangu enzi za mababu, pale kuvu ya chumvi ilipopanda bara kwenye pumzi za watu na kwenye mizigo yenye unyevu, ikamaliza mahindi mpaka Mbinga. Kuvu yenyewe hakuna aliyeiona tena. Lango lipo. Mke wa Dadi, Awetu, ni mtu wa ziwani, alikwenda Liuli kumzika mama yake akiwa na mimba, akajifungua huko huko. Akirudi pwani mtoto anaandikwa wa pwani, na yeye amefungiwa maisha. Kwa hiyo harudi, na Dadi mwenyewe ndiye aliyemwambia asirudi. Mtoto sasa anatembea.

Mtu hapiti, lakini injini inapita. Ikiwa kavu inapita bila kufunguliwa, sili yake haiguswi.

*

Cha kukaushia wanakiita kiu. Ni chenga nyeupe kama za mchele, zinatengenezwa maabara, wengine wanasema zina uhai, wengine wanasema hazina ila zina roho mbaya. Mfuko mmoja wa kiu ukiuacha karibu na kamba ya nguo, nguo zinakauka hujamaliza kunywa chai. Ukiushika bila glavu vidole vinapasuka. Kuna injini moja ilirudishwa toka njiani, ndani wakakuta mjusi, mwepesi kama karatasi ya sigara.

Kiu inaning'inizwa ndani ya silinda, kwa ndoano ndefu, kupitia matundu ambayo mkono haufiki. Na hapo ndipo penye kautaratibu kao. Mashine ingeweza kuning'iniza yote kwa mara moja, lakini karakana ile haijawahi kukubali. Kila aliyeishika injini anatundika mfuko wake mwenyewe, peke yake, wenzake wanatoka nje. Ukiwa peke yako unaiambia injini maneno yako. Wengine wanasoma dua, wengine wanaitukana kidogo ili isiringe. Ukitoka hakuna anayekuuliza umesema nini. Ndiyo mfuko wa mkono.

Hatibu alishapiga hesabu. Mifuko ya kawaida, mmoja kwa kila mkono, halafu mmoja juu yake kwa ajili ya pumzi ya Dadi, maana mtu akipumua anatoa maji. Kwenye nailoni kuna kidirisha na ndani yake kadi. Kavu, kadi ya bluu. Unyevu, kadi inageuka waridi, na Lango halijadili na waridi.

"Kipimo cha unyevu kikae kwenye tisa," Hatibu akasema. "Tisa ni bluu, na tisa mtu anaishi. Atakauka midomo, basi. Maji anayo, chupa ya oksijeni anayo. Akishapita Lango shemeji yake wa ziwani anashika usukani, wakifika kwenye miti anamtoa. Hakuna cha ziada hapo."

Wakaingia mmoja mmoja. Hatibu akakaa ndani muda mrefu. Chande akaingia anapiga mluzi, akatoka hapigi. Dadi, kwa kuwa naye aliishika injini, akaomba ndoano apitishiwe ndani, akatundika wake huko huko alikolala. Somoe akawa wa mwisho.

Aliinama mlangoni. Uso wa Dadi ulionekana huko ndani, ng'ambo ya miguu yake, unang'aa oili.

"Ukigonga mara mbili ni salama," akamwambia. "Ukigonga mfululizo nafungua. Nitagonga mimi kwanza kila tukisimama."

"Sigongi mfululizo."

"Nimekuambia tu."

"Na mimi nimekuambia tu, dada."

Akafunga bamba. Akakaza bolti kwa kufuata mzunguko, taratibu, hii halafu ile inayoitazama. Kisha akavuta nailoni.

*

Lobedi ile, trela la chini la kubebea mizigo mizito, ina magurudumu mengi mpaka watoto wa Masasi walizoea kuyahesabu wakagombana. Inatembea kama bibi harusi. Mbele gari la taa, nyuma injini ya njano imesimama kwenye kitanda chake cha mbao na minyororo, na Chande anaongea peke yake na breki.

Masasi walisimama. Somoe akapanda, akagonga kwa spana mara mbili. Ndani ikajibu mara mbili, haraka, kama mtu aliyekuwa anasubiri mlangoni. Kadi bluu. Simu inasema sita.

Akashuka. "Sita."

"Si ndiyo vizuri? Bluu ya sita ni bluu zaidi."

"Hatibu alisema tisa."

"Hatibu naye," Chande akasema, akawasha gari.

Mangaka palikuwa na jua la kuua. Wauza korosho walikimbilia kwenye kabini, walipoona sili za Lango wakarudi nyuma. Somoe akagonga. Mbili. Safi kabisa. Simu inasema nne.

Alibaki amekaa juu ya kitanda cha mbao, mkono kwenye nailoni ya moto. Nne hakuwahi kuiona. Akawaza labda oksijeni ni kavu, ndiyo inashusha. Akawaza labda kipimo kimechoka. Halafu wazo likaja ambalo hakulitaka, akashuka nalo mpaka mlangoni kwa Chande, akasimama.

"Chande. Ulitundika mifuko mingapi?"

Chande alikuwa anamenya chungwa. Akaendelea kulimenya.

"Chande."

"Miwili," akasema. "Nilikuwa na wasiwasi na ile hesabu ya mzee. Dadi anapumua kwa kelele, unamjua, akilala anapumua kama ng'ombe. Nikaona tukifika pale kadi ikawa waridi kwa ajili ya mfuko mmoja nitajilaumu mpaka nakufa. Mbona unanitazama hivyo? Mmoja tu wa ziada."

Somoe akakaa kwenye ngazi ya gari.

"Na mimi miwili," akasema.

Chungwa likabaki mkononi.

Wakampigia Hatibu, simu ikiwa juu ya dashibodi, sauti wazi. Somoe akauliza vile vile. Hatibu akakohoa, akauliza barabara ikoje, akauliza kama minyororo imelegea.

"Fundi, nakuuliza mifuko."

"Mwanangu," Hatibu akasema, "hesabu niliwapa ninyi. Mimi niliongeza. Nilijua ninyi mtaifuata."

"Umeongeza mingapi?"

Hatibu akakohoa tena.

"Mingapi, fundi?"

"Miwili. Juu ya wangu. Yule kijana nimemfundisha mimi kushika spana, nisingeweza kumwona anarudishwa kwa ajili ya jasho lake."

Chande akazima simu kwa kidole gumba. Kabini ikawa na harufu ya chungwa tu. Kisha akasema kile ambacho Somoe alikuwa amekifikia tayari.

"Na yeye mwenyewe alipitishiwa ndoano."

"Ndiyo."

"Unafikiri alitundika mmoja?"

Somoe akageuka kuitazama injini. Nani anayeogopa kadi ya waridi kuliko Dadi?

*

Kabla ya daraja la Muhuwesi kuna sehemu pana ambapo mizigo mizito inasimama ikaguliwe minyororo. Walifika mchana, jua bado kali, mto chini una maji kidogo na wanawake wanafua. Lango liko mbele, mwendo wa saa moja kwa gari la kawaida, kwa lobedi saa mbili na nusu. Simu inasema mbili.

Kadi ilikuwa bluu nyeusi, kama wino. Mlinzi yeyote angeitazama akapiga saluti.

Somoe akagonga mara mbili.

Mara mbili ikarudi. Haikutetemeka, haikuchelewa.

"Umesikia," Chande akasema kutoka chini. "Yuko salama."

"Yuko kwenye mbili."

"Yeye ndiye aliye ndani, siyo wewe. Mtu mzima kasema salama."

"Angesema salama hata kama ulimi umegandia mdomoni. Si alisema hagongi mfululizo?"

"Basi ndiyo amechagua." Chande akapanda, akakaa karibu naye, akapunguza sauti kana kwamba injini itasikia. "Sikiliza, dada. Ukikata sili, Lango linapata taarifa hapo hapo. Injini inarudi. Mbamba Bay wanakaa bila meli msimu mzima, haya, kwa hilo tutapata matusi tu. Lakini Dadi. Hii njia wakishaijua imekufa. Kwake na kwa wengine wote. Unamtoa pale, unampa maji, halafu unamwambia nini? Kaa miaka minne?"

"Nitamwambia yuko hai."

"Na kama angefika hai?"

Hilo ndilo swali, na Somoe analo mpaka leo. Alifungua simu akatafuta mtu kwenye mbili anadumu muda gani. Hakuna aliyeandika, maana hakuna aliyewahi kumweka mtu huko. Akamkumbuka yule mjusi. Akajaribu kutomkumbuka. Alikaa akijaribu kufikiri kama mfungaji, kwamba kazi yako ni kitu kilichomo ndani kifike kama kilivyoondoka, lakini hiyo nayo haikumsaidia, maana Dadi aliondoka akiwa na njia, na huko ndani ndiko njia iliko.

Akagonga tena. Mara moja tu, makusudi, nje ya makubaliano, aone.

Ikachukua muda. Halafu mara mbili. Ile ile, safi, kama ya kurekodi.

Na hiyo ndiyo iliyomwogopesha. Mtu mwenye akili zake angejibu kwa kugonga mara moja, angetania. Dadi bila utani hakuwahi kumwona. Au labda alikuwa analinda betri ya mwili wake. Au alikasirika. Unaweza kulisoma lile jibu namna yoyote unayotaka.

Somoe akatoa kisu.

"Dada," Chande akasema. Hakumshika mkono lakini.

Nailoni ikapasuka kwa mlio wa kitambaa kipya. Simu ikalia mlio mfupi, mara moja, na pale Tunduru kwenye kioo cha mtu fulani jina la Somoe likawaka. Alifungua bolti bila mzunguko wowote, ovyo, zikaanguka juu ya mbao.

Hewa iliyotoka ilikuwa kama ya tanuri. Ilimkausha macho akafumba. Alipofumbua Dadi alikuwa anatoka mwenyewe, miguu kwanza, magoti yakapita bila shida. Midomo ilikuwa imechanika, damu imekauka juu yake kabla haijadondoka. Ngozi ya mikono kama ya mtu aliyeshinda kwenye unga. Lakini alisimama. Alishika minyororo akasimama kwa miguu yake, akatazama mto, akatazama barabara, akaona hakuna Lango.

Akafungua mdomo amwambie Somoe kitu. Hakikutoka. Koo lilitoa mlio kama wa mchanga unaomwagwa.

Chande alimpa maji. Akanywa yote, akanywa na ya pili. Kisha akaelekeza kidole kwenye mlango alikotoka, halafu kwenye bolti. Akarudia. Anataka wafunge.

"Haiwezekani," Somoe akasema. "Kadi imeshageuka. Angalia."

Kadi ilikuwa waridi kama ufizi wa mtoto.

Dadi akaitazama. Hakupiga mtu, hakulia, wala sijui kama alikuwa na maji ya kulilia. Akakaa chini pale pale juu ya mbao, akaanza kuokota bolti moja moja, akaziweka kwenye mapaja yake.

*

Lobedi haigeuki barabarani. Hiyo watu hawaifikirii. Ndefu vile, na mzigo ule, hakuna pa kugeuzia toka Mangaka mpaka kwenye uwanja wa Lango lenyewe. Redio ilipoita, ofisa wa Lango hakuwa hata na hasira.

"Mfungaji, sili imekatwa."

"Kipimo kilileta shida, afande. Nikahofia injini."

"Njoo ugeuzie hapa. Usishuke. Ikirudi tena tunaingiza kamera kila tundu, na zote zitakazofuata. Tunashukuru kwa uaminifu."

Chande akacheka kidogo, vibaya.

Wanaorudi pwani hawakaguliwi kabini, hakuna anayetaka pumzi yao. Dadi walimlaza nyuma ya viti, kwenye kitanda cha dereva, blanketi mpaka kidevuni, pazia limeachwa wazi kidogo. Somoe alikaa mbele, chupa ya maji mapajani, kila baada ya muda anaipitisha nyuma bila kugeuka. Inachukuliwa. Inarudishwa ikiwa tupu. Hakuna asante na hakuistahili.

Lango lilikuwa dogo kuliko watu wanavyolisimulia. Uwanja wa saruji, uzio wa waya, na ng'ambo ya uzio barabara inaendelea kama kawaida, miti ile ile, vumbi lile lile. Ng'ambo walisimama watu kama kumi waliokuja kuipokea injini. Mbele yao mwanamke ameshika mtoto kiunoni, mtoto amevaa gauni la sikukuu na soksi.

Nyuma ya Somoe blanketi lilisogea.

"Usiinuke," Chande akasema kwa upole sana. "Kamera, mtani. Tafadhali."

Dadi hakuinuka. Alisogeza uso mpaka kwenye uwazi wa pazia. Alijaribu kuita, Somoe akalisikia lile jaribio sikioni kwake, pumzi kavu, jina lisilokuwa na sauti. Angekuwa na koo lake la siku zote wangemsikia mpaka Namtumbo.

Chande akaanza kuzungusha. Inachukua muda mrefu kugeuza lobedi. Unakwenda mbele kidogo, unasubiri mkia ufuate, unakwenda tena. Kabini ikapita karibu na uzio, karibu kabisa, Somoe akaona mpaka heleni za Awetu. Awetu hakuitazama kabini hata mara moja. Macho yake yalikuwa nyuma, juu, kwenye ile injini ya njano. Alikuwa anatabasamu kwa siri, kama mtu anayetunza habari. Alimnyanyua mtoto amuoneshe. Akamshika mkono mdogo akaupungia ule mzigo.

Injini ikazunguka mbele yao, pole pole. Tabasamu likaendelea, kwa sababu alidhani ndivyo inavyoingia, kwamba itazunguka na kuja. Walipomaliza kugeuka na kabini ikatazama pwani, Somoe alikuwa amebaki na kioo cha pembeni. Ndani yake alimwona Awetu anashusha mkono wa mtoto, anamuuliza kitu mlinzi, na mlinzi anarudi nyuma hatua moja, anatikisa kichwa.

Somoe alipitisha chupa nyuma. Haikuchukuliwa.